Haka ya All Blacks ni ya tangu lini?

SWALI: Kila mara All Blacks, timu ya taifa ya raga ya Nyuzilandi, wanapocheza, huanza kwa haka, ngoma ya Wamaori. Rafiki yangu anashikilia kwamba hiyo ni ngoma ya vita, na kwamba imechezwa vivyo hivyo tangu timu ilipoundwa. Je, ni kweli?

JIBU: Rafiki yako amepatia nusu, tena nusu ndogo. Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, wana haka za kupokea wageni, za msiba na za vita. Inayojulikana zaidi, "Ka Mate", ambayo All Blacks huicheza, ilitungwa yapata mwaka 1820 na Te Rauparaha, chifu wa kabila la Ngāti Toa, baada ya kujificha katika shimo la kuhifadhia viazi vitamu huku maadui wakimsaka. Maneno yake ya mwanzo yana maana ya "ni kifo, ni uhai". Hivyo ni furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Kuhusu ukongwe, ni kweli kwamba kikosi cha mwaka 1888, ambacho wachezaji wake wengi walikuwa Wamaori, kilizuru Uingereza kikiwa na jezi nyeusi, jani la kangaga na haka. Lakini kwa miongo mingi iliyofuata haka ilichezwa zaidi ugenini, mara nyingi ovyo ovyo. Atakayeitazama ile ya Cardiff, Wales, ya mwaka 1973 atacheka. Tena timu iliyojipamba kwa ngoma ya Wamaori ilikubali kuwaacha Wamaori nyumbani ilipozuru Afrika Kusini, nchi iliyokuwa na ubaguzi wa rangi, mwaka 1928, 1949 na 1960. George Nepia, nyota wa ziara ya 1924 ambayo timu haikushindwa mchezo hata mmoja, alikuwa miongoni mwa walioachwa mwaka 1928. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa kuingia, ila kwa cheo cha "Wazungu wa heshima", jina ambalo kwa maoni yangu lilikuwa tusi kuliko marufuku yenyewe.

Haka unayoiona leo, yenye mikao iliyonyooka na sauti moja, ilianza katikati ya miaka ya 1980, wakati Wayne Shelford, mchezaji Mmaori wa timu hiyo, aliposisitiza kwamba wenzake ama wajifunze maana yake barabara, ama waiache kabisa. Tangu Kombe la Dunia la 1987 ikawa desturi hata nyumbani. Mwaka 2005 timu ilipata haka yake yenyewe, "Kapa o Pango", iliyotungwa na Derek Lardelli na kuchezwa kwa mara ya kwanza mjini Dunedin. Waliosimama mbele yao siku hiyo walikuwa Afrika Kusini.