Uliza Tukujibu: Huyu mbu wa mtaro ndiye anatuletea malaria?

Swali: Daktari habari. Niko Kayole, nyuma ya ploti yetu kuna mtaro wa maji machafu haukaukangi, na usiku mbu wanaimba mpaka mtu analala amejifunika kichwa. Kijana wangu alikuwa Siaya kwa nyanya yake holidei yote, amerudi kakaa wiki moja na siku kadhaa, homa ikamshika, kupimwa ni malaria. Jirani anasema ni huu mtaro na anataka ploti nzima ichange pesa ya dawa. Nimewatumia picha ya mbu nimemuua kwa ukuta. Ni huyu? (Mama wa Kayole)

Jibu: Mama pole sana na kijana, hakikisha amemaliza dawa zote hata kama ameanza kucheza. Sasa hiyo picha nimeivuta mpaka mwisho wa simu na ninachoona ni alama ya slipa, doa la damu, bawa moja na miguu kama mitatu, kwa hivyo huyo marehemu siwezi kumtaja jina. Siku ingine mfunike na glasi akiwa ametua, pitisha karatasi ngumu chini yake, alafu glasi yote iende friza kidogo. Atakufa lakini atakuwa mzima, na huyo ndiye tunaweza kusoma.

Ila kabla hujamfunika muangalie vile ametua, manake hapo ndio siri kubwa iko. Mbu wa malaria anaitwa Anopheles na akitua anainua makalio juu kichwa kikiwa chini, kama mtu amesujudu. Mbu wa mitaro, Culex, mwili wake umelala sambamba na ukuta. Ukiwa na lenzi angalia mdomo: Anopheles jike ana vipapasi viwili vyenye urefu sawa na ule mrija wa kunyonyea, unaona kama vitu vitatu virefu vimetoka pamoja, Culex jike vyake ni vifupi sana. Na mabawa ya Anopheles wengi wa huku yana madoa meusi na meupe. Mwenye manyoya mengi kwa antena ni dume, huyo hang'ati mtu, anakunywa maji ya maua na maisha yake. Hata kwa maji unaweza kuwajua wakiwa viluwiluwi, wa Anopheles analala bapa juu ya maji, wa Culex ananing'inia kichwa chini na kimrija chake cha kupumua kimegusa juu.

Jicho linaishia hapo lakini. Anopheles wako zaidi ya aina 400 duniani na wanaosumbua na malaria ni kama 40 tu. Hapa Kenya wakubwa ni gambiae, arabiensis na funestus, na hao wawili wa kwanza hata mimi na darubini yangu siwatofautishi, lazima maabara ipime DNA. Alafu hata ukishajua jina bado hujajua kama amebeba vimelea, yaani vijidudu vya malaria, inabidi kichwa na kifua chake visagwe vipimwe, manake vimelea vilivyokomaa hukaa kwa tezi za mate. Wengi ukiwapima hawana kitu.

Turudi Kayole. Maji meusi ya mtaro ni nyumba ya Culex, gambiae anapenda vidimbwi vya mvua vyenye jua, hata alama ya kwato ya ng'ombe inamtosha. Sisemi Nairobi haina Anopheles, wapo, lakini tuko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari na baridi inachelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, mara nyingi mbu anakufa kwanza. Siaya iko ukanda wa ziwa, huko malaria ni ya mwaka mzima, na homa kawaida inaanza siku 10 mpaka 15 baada ya kuumwa, hebu hesabu mwenyewe kijana aliumwa wapi. Huo mchango mimi ningesema mzibue mtaro maji yatembee, mtalala vizuri na harufu itapungua, ila jirani asiuite mradi wa malaria. Na holidei ijayo kijana aende na neti yake.

Swali: Wanaong'ata mchana, weusi wenye mistari myeupe kwa miguu, je? Na huyo mbu mpya wa mjini ni wa ukweli ama ni story? (Abdi, Eastleigh)

Jibu: Wa mchana ni Aedes, analeta dengue na chikungunya, malaria hapana. Wa pili ni wa ukweli kabisa. Anaitwa Anopheles stephensi, asili yake Asia, alionekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na mwisho wa 2022 akapatikana Marsabit. Huyu ndiye ananitia wasiwasi kushinda mtaro wowote, manake anazaa kwa tanki, mtungi na maji ya mjengo, yaani vile vile tunavyoishi. Abdi, jamii yote hapo ifunike maji, na huyo Aedes wako naye atakosa pa kuzaa.

Swali: Rumeti ana malaria, amerudi juzi kutoka Busia. Mbu akimnyonya alafu aje kwangu usiku huo huo, nimeshikwa? (Jamaa wa Pipeline)

Jibu: Hapana. Akiwa Culex vimelea vinafia tumboni mwake. Akiwa Anopheles, vimelea lazima vizaane kwa tumbo, vitoboe ukuta wake, vifike mpaka kwa tezi za mate, na hiyo kazi ni kama siku 10 hadi 14 kukiwa na joto, kwenye baridi zaidi. Wewe lala. Lakini umesema rumeti "ana malaria", amepimwa, ama ni nyinyi mmeamua hapo kwa nyumba?