Jeshi la mbio kwa bei ndogo
Ndugu, kama unatafuta jeshi la mbio kwa bei ndogo, chukua sanamu ndogo za Wamongolia za kipimo cha 1/72 (yaani mara 72 ndogo kuliko mtu halisi), ucheze DBA, mchezo wa vita wa mezani wa majeshi ya kale. Jeshi zima ni vibao 12 tu vya kubandikia sanamu: cha wapanda farasi wepesi kinabeba sanamu 2, cha wapanda farasi wa kawaida 3. Boksi moja ya plastiki mara nyingi ina wapanda farasi 12, kwa hiyo boksi 3 zinatosha kabisa. Langu nililijenga hivyo hapa Lubumbashi, vibao nikavikata kwenye karto nzito. Ila osha sanamu kwa maji ya sabuni kabla ya rangi! Ile plastiki ni laini, inapinda, na rangi inabambuka miguuni mwa farasi. Mimi nilirudia farasi nane, iliniuma sana.