Jibu: Maumivu ya mashavu ya miguu baada ya mbio za mchangani

Waalaikum salaam, mwalimu. Umeuliza kwa nini vijana wako wa Paje wanaumwa mashavu ya miguu siku ya pili baada ya kukimbia pwani, na kama ni asidi iliyobaki kwenye misuli.

Siyo asidi. Asidi ya laktiki huondoka ndani ya saa moja au mbili. Maumivu ya kesho na keshokutwa hutokana na michaniko midogo mno ya nyuzi za misuli zilizopewa kazi zisiyoizoea.

Tazama mguu unavyojisukuma: egemeo liko kwenye sehemu ya mbele ya wayo, uzito wa mwili katikati, na misuli ya shavu inavuta kisigino juu kwa kano moja nene. Ardhi ikiwa ngumu, kano hiyo hunyooka na kurudi, ikirejesha sehemu ya nguvu. Mchanga mkavu haurejeshi kitu. Wayo unadidimia, kisigino kinashuka mno, misuli inavutwa huku inajikaza. Kukimbia hapo hula nishati takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu!

Basi waanze maji yakishakupwa, kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Mkavu uwe dakika chache tu, uongeze kidogo kidogo kila wiki. Na kwa kuwa pwani ina mteremko, warudi njia ile ile ili mguu mmoja usielemewe.

Ila kijana akisikia "pa!" nyuma ya kisigino, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, tafadhali asichuliwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.