Wasomaji wanauliza: Kusoma misitu si ni kupanda miti tu?

SWALI: Shikamoo anko. Nipo Igoma hapa Mwanza, nimemaliza fomu siksi nataka niombe kozi ya misitu, ila baba mdogo ananicheka, eti mti unachimba shimo unamwagia maji basi, chuoni miaka yote hiyo unasoma nini? Afu wanasema matumizi endelevu, sasa mti ukishakatwa uendelevu uko wapi hapo?

JIBU: Marahaba. Baba mdogo msamehe bure, wengi wanawaza hivyohivyo. Kupanda ni kipande kidogo, mwanzoni utakutana na udongo, ikolojia, kutambua miti kwa majani na magome, sheria ya misitu ya 2002, na hesabu, hesabu haswa. Kupima ndo roho ya hii kazi. Jaribu leo, azima futi ya fundi cherehani, nenda kwenye mwarobaini wowote mtaani, pima mita 1.3 kutoka ardhini zungushia shina hapo, ukipata sentimita 94 gawa kwa 3.14, kipenyo ni kama 30. Ukijua na urefu unakadiria ujazo wake, ukiurudia mwakani unajua umeongezeka kiasi gani, na hapo ndo jibu la swali lako la pili lilipo: msitu ukikua mita za ujazo 100 kwa mwaka ukavuna 80 haupungui, ukivuna 150 unakula mtaji. Wazo lenyewe ni la zamani, Mjerumani Hans Carl von Carlowitz aliliandika 1713, na wala hakuwa bwana miti, alikuwa bosi wa migodi huko Saxony ambako kuni na mkaa wa kuyeyushia madini vilikuwa vinaelekea kuisha. Mtu wa ziwani hili halikupi shida, sangara chini ya sentimita 50 si haruhusiwi kuvuliwa? Anaachwa azae kwanza.

Ila kwangu mimi somo tamu kuliko yote ni watu. Angalia Shinyanga hapo jirani, miti ilifyekwa sana enzi za mkoloni kuondoa mbung'o na kupanua pamba, ikabaki vumbi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza 1986 kilichokuja kuleta mabadiliko makubwa ni ngitili, zile za wazee wetu Wasukuma, eneo unalifunga mifugo isiingie wakati wa mvua ili kiangazi ng'ombe wapate malisho, na humo visiki vikachipua vyenyewe. Mwambie baba mdogo, hakuna shimo lililochimbwa hapo.

Vyuo: Olmotonyi kule Arusha kipo tangu 1937, cheti na diploma. Digrii ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Ukipenda mambo ya viwanda vya mbao nenda Moshi. Na kabla hujalipa ada panda meli ya Ukerewe ukaone shamba la miti la Rubya, bora ujue mapema kama unaweza kushinda juani.

SWALI: Nina shamba Magu linagusa ziwa, nataka nijaze mikaratusi mpaka majini, kuna shida?

JIBU: Shida ipo, kaka. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, huko acha matete na miti ya asili, na karatusi inakunywa maji kwelikweli kwahiyo ikae mbali na kisima pia. Huko juu panda mita 2.5 kwa 2.5, ekari inameza miche kama 640.