Redio ya mbali: fuata adhana, usifuate saa ya ukutani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue redio gani ili nisikie mbali? Jibu langu halijabadilika. Chukua hiyohiyo uliyo nayo nyumbani, mradi ina bendi ya AM, kisha jifunze jua linazama saa ngapi kwako na saa ngapi huko unakotaka kusikia.

Nazungumzia masafa ya kati, ndiyo hiyo AM, sehemu ya redio ambayo vijana wengi hawajawahi kuigusa, kuanzia kilohezi 531 hadi 1602. Ukiifungua mchana hapa Tanga utasikia mvumo mtupu, pengine na stesheni moja ya karibu. Hapo ndipo wengi huamua kwamba bendi imekufa, wakarudi FM. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka usiku mmoja nilipoisahau redio ikiwa kwenye AM na kuamshwa na mtu anasoma habari kwa Kiarabu, sauti imetulia kama yuko chumba cha pili.

Kinachotokea ni hiki. Kuanzia kama kilomita 60 juu yetu kuna matabaka ya hewa yanayochajiwa umeme na jua. La chini kabisa, tabaka D, mchana hulimeza wimbi la masafa ya kati kabla halijafika popote. Jua likizama, tabaka hilo linatoweka haraka, na wimbi linapata njia ya kupanda hadi matabaka ya juu zaidi, kilomita 100 na hata 300, ambayo hulipinda na kulirudisha chini, mbali sana na mlingoti lilikotoka. Likifika chini laweza kudunda tena kwenda juu, na maji ya chumvi ya baharini ni uwanja mzuri kuliko nchi kavu kwa kudunda huko. Mwingereza Edward Appleton alilithibitisha tabaka la kurudisha mawimbi mwaka 1924, akitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake ya kuchunguza anga hiyo ya juu.

Basi giza ndilo mlango, tena giza la njia nzima, siyo la kwako peke yake. Ndiyo maana nasema fuata adhana. Saa ya ukutani haijui jua liko wapi, lakini adhana ya Magharibi inajua. Ikishaadhiniwa Magharibi hapa kwetu, Muscat kumeshaingia giza, na India wana zaidi ya saa moja ya usiku. Kwa hiyo stesheni za mashariki na za Ghuba ndizo zinazotangulia: Kiarabu, Kihindi, Kiurdu. Kinshasa bado ni mchana wakati huo. Usihangaike na magharibi ya Kongo kabla ya Isha. Subiri mpaka saa mbili na nusu au saa tatu usiku. Alfajiri mambo yanageuka. Kufikia saa kumi na nusu India karibu yote imeshapambazukiwa, na stesheni zao zimezimika moja baada ya nyingine. Magharibi ya Afrika bado ni usiku mnene, na dakika thelathini za mwisho kabla jua halijachomoza Tanga ndizo ninazozithamini kuliko saa zote, kwa kuwa vishindo vya mashariki vimeondoka na wanyonge wa magharibi wanapata nafasi ya kusikika.

Kuhusu namna ya kuishika redio, nilifunzwa na fundi mmoja wa Ngamiani, mzee aliyekuwa akitengeneza redio tangu enzi za valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Alinikuta nimevuta ule mkonga wa antena mpaka mwisho, naugeuza huku na huku. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni ya FM na masafa mafupi. AM ina antena yake humu ndani." Akafungua mfuniko wa nyuma na kunionyesha kijiti cheusi cha ferraiti kilichovingirishwa waya mwembamba, kimelala kufuata urefu wa redio. "Redio hii inasikia kwa uso na kwa mgongo. Ubavuni ni kiziwi." Nimetumia maneno hayo kila usiku tangu siku ile. Stesheni mbili zikigongana kwenye masafa mamoja, usitafute kuipata unayoitaka. Geuza ubavu wa redio uelekee ile usiyoitaka mpaka inyamaze. Uziwi wake ni mkali kuliko usikivu wake. Kugeuza kidogo tu, kama upana wa kidole, kunaweza kufuta mtambo mkubwa na kumfunua mwingine aliyekuwa chini yake.

Tena fundi alinifunza hesabu moja. Upande wetu wa dunia stesheni za masafa ya kati zimepangwa kila baada ya kilohezi 9, na namba zote hugawanyika kwa 9. Jumlisha tarakimu: 1521 inatoa tisa, 909 inatoa kumi na nane. Hiyo 1521 ni ya Saudia, mtambo wa Duba wenye kilowati 2000, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka hapa. Anza nayo kupima kama usiku ni mzuri. Ukinunua redio ya namba, ile inayoonyesha masafa kwa tarakimu, iliyotengenezewa Marekani, itakuwa inaruka kwa kilohezi 10 na utapishana na karibu kila stesheni. Tafuta swichi ya kubadilisha 9 na 10 kabla hujalipa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Adui mkubwa wa redio ya mbali leo yumo ndani ya nyumba zetu. Chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, kingʼamuzi, kidhibiti chaji cha sola: vyote hivi vinamwaga kelele kwenye masafa ya kati, na kelele hiyo ndiyo watu wanayoiita "redio mbovu". Fanya jaribio hili. Weka redio ya betri kwenye masafa matupu, sauti juu kidogo, kisha mtu azime vifaa kimoja kimoja. Kwangu nilikuta chaja moja ya simu, ambayo hata simu haikuwa imechomekwa, ikiziba nusu ya bendi. Umeme ukikatika mtaa mzima usiku, wenzangu hulalamika. Mimi hutoka uani na redio na kiti. Usiku nilioupata wa kuvuna zaidi ulikuwa wa namna hiyo, nyota zimejaa na bendi imejaa.

Kama uani hapatoshi, tengeneza fremu. Nilichukua mbao nyembamba, nikaunda msalaba wa kubeba mraba wa sentimita 60 kila upande, nikazungusha waya mara kumi na moja, ncha mbili nikaziunga kwenye kapasita ya kuzungusha niliyoitoa kwenye redio mbovu, ile inayobadilisha stesheni. Basi. Hakuna umeme, hakuna waya unaoingia kwenye redio. Isimamishe karibu na redio, zungusha kapasita taratibu, na ukifika penyewe sauti inapanda ghafla kama mtu amefungua dirisha. Ikikataa kufika juu ya bendi, punguza mzunguko mmoja. Ikikataa kushuka chini, ongeza mmoja. Fremu yenyewe nayo inageuzwa kama redio, na nayo ina upande wake wa uziwi. Hiyo ndiyo fedha pekee ninayokushauri utumie, na nyingi yake ni nauli ya kwenda kutafuta vipande.

Waya mrefu wa nje ni mzuri, lakini sikushauri kwa moyo mwepesi. Usiupitishe juu wala chini ya nyaya za umeme, hata kama mnazi uko hapohapo na unakuvutia. Radi ikianza kusikika, hata ya mbali, uchomoe na uutupe nje. Radi zenyewe utazisikia kwenye redio kabla ya kuziona: mikwaruzo ya vipindi. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na usiku mikwaruzo yao nayo inaruka angani kama stesheni. Msimu wa masika nasikiliza kwa uvumilivu. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, kwangu ndiyo mitulivu.

Sauti ikianza kufifia, usihame. Inazama na kuibuka kwa sababu wimbi linafika kwa njia zaidi ya moja na njia hizo zinagombana. Kaa nayo mpaka saa kamili, maana hapo ndipo stesheni nyingi hujitaja. Andika masafa, lugha, ulichosikia, na saa ya kimataifa, UTC. Kwa Kiswahili hesabu yake ni nyepesi: saa zetu za mchana ongeza tatu, saa zetu za usiku ongeza kumi na tano. Saa tatu asubuhi ni 6, saa tatu usiku ni 18. Ikipita 24, toa 24. Ukiwaandikia wenye stesheni bila UTC hawatajua ulisikia kipindi gani, na kadi ya uthibitisho, ile wanayomtumia msikilizaji kukiri kwamba kweli aliwasikia, usiitarajie.

Kilele cha misukosuko ya jua cha safari hii kilikuwa mwaka 2024. Jua linavyozidi kutulia katika duru yake ya takriban miaka 11, masafa ya kati usiku huwa yanazidi kuwa mazuri, kwa hiyo anayeanza sasa ana miaka mizuri mbele yake.

Ninayo stesheni moja daftarini ambayo bado sijaijua jina. Huja karibu na alfajiri, Kifaransa, gitaa za Kikongo, kisha sauti ya mwanamke akisema sentensi mbili. Mara tatu nimeifikisha karibu na saa kamili, na mara zote tatu mbingu ya mashariki imeanza kuwa nyeupe juu ya bahari, sauti ikanywea na kuisha. Nimeandika "haijatambulika", tarehe tatu, mstari mmoja chini ya mwingine. Kesho nitaamka saa kumi na moja kasoro robo.