Mama hapandi daladala

SWALI: Dada, mama ana miaka 78, goti halikunjiki. Tunatoka Tandika kwenda kliniki Muhimbili. Madereva wa kuita kwa simu wakisikia kiti cha magurudumu, wanakata safari. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mdogo wangu. Baba yangu nilimpeleka hivyohivyo miaka minne, najua unavyoumia. Bajaji itamtesa goti. Tafuta dereva teksi mmoja wa kijiweni kwenu, mpatane nauli siku moja kabla, mwoneshe kiti kinavyokunjwa. Mama akae mbele, kiti cha gari kisogezwe nyuma kabisa. Aketi kwanza, miguu ifuate. Kurudi, mpigie dereva mkifika dirisha la dawa, si mapema. Namba ya dereva wa pili uwe nayo.