Kabla ya hela, tafuta wa kukaa kwenye monita

Swali la wiki hii ni hili: mwigizaji wa nafasi za pembeni akitaka kuandika na kuongoza filamu yake, aanzie wapi? Nasema aanze kwa kumpata mwenzake wa kukaa kwenye monita, ile skrini inayoonyesha kamera inachokiona. Mwangalieni mwigizaji Stanley Tucci wa Marekani.

Kabla ya kuongoza filamu, watazamaji waliijua sura yake kuliko jina lake, na mara nyingi alipewa nafasi za wauaji na watu wabaya. Akaandika skripti na binamu yake, Joseph Tropiano: ndugu wawili wa Kiitalia, New Jersey ya miaka ya 1950, na mgahawa wao unaoelekea kufa. Ndiyo Big Night ya 1996. Tony Shalhoub akawa Primo, kaka mtu, mpishi asiyekubali kushusha kiwango. Tucci akawa Secondo, anayehangaika na madeni. Kwa vile Secondo yumo karibu kila sini (tukio la filamu), aliongoza pamoja na rafiki yake wa tangu shule, Campbell Scott.

Wengi hukwama hapo, kwenye kuigiza na kuongoza kwa pamoja. Ukiwa mbele ya kamera huioni fremu, yaani picha inayoingia kwenye kamera, kwa hiyo kila teki (kipande kinachorekodiwa bila kukata) ikiisha unakimbilia monita kuitazama tena. Teki ya dakika tatu imeshakula sita, na jua halikusubiri. Baya zaidi ni macho yako. Mwigizaji mwenzako akiona unamkagua badala ya kumsikiliza, anaacha kuzungumza na mhusika, anaanza kumridhisha mwongozaji. Kwenye uhariri hilo halirekebishiki.

Kwa hiyo mkubaliane mapema nani atawaelekeza waigizaji, maana sauti mbili zinawachanganya. Taa zikipangwa, mtu mwingine asimame mahali pako, wewe uitazame fremu. Halafu ingia, mwachie mwenzako monita.

Sini ya mwisho ya Big Night inaonyesha faida ya kuwa na mwenzako huyo. Asubuhi, jikoni, Secondo anakoroga mayai, anayakaanga, anamgawia Cristiano, kijana wa kazi, anajipakulia, na kipande kinabaki kikaangoni. Primo anaingia, Secondo anampakulia. Ni dakika kama tano za teki moja, karibu bila maneno, baada ya ugomvi mkali wa ndugu hao. Teki ya namna hii haina pa kukatia: yai likiungua, mnaosha kikaango na kuanza upya. Mikono ya Tucci ilikuwa na kazi tele. Hakuna namna angekuwa pia anaikagua fremu.

Baadaye aliongoza The Impostors (1998), Joe Gould's Secret (2000), Blind Date (2007) na Final Portrait (2017). Hiyo ya mwisho aliiandika, akamwachia Geoffrey Rush nafasi ya mchongaji Giacometti, yeye mwenyewe asionekane. Angalieni pengo la miaka 10 kati ya Blind Date na Final Portrait. Katika muda huo aliendelea kuigiza filamu za watu wengine, na mwaka 2010 akawania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Anayeandika skripti yake leo asizikatae nafasi ndogo.